Programu Huria na Kiswahili: Umiliki wa Maneno Ndani ya Kompyuta

Mnamo mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia wataalamu wake wa sayansi ya kompyuta na kwa ushirikiano na kampuni ya ushauri ya Kiswidi, IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi ambao menyu zake, maelekezo yake na hata maonyo yake yaliandikwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa tunda la mradi ulioitwa Kilinux. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuziwekea programu zake sura ya Kiswahili, na ikawa rahisi kuyatazama mambo hayo mawili kama mbio za nani afike kwanza. Tazamo hilo linaficha jambo lenye uzito zaidi, nalo ni suala la idhini. Kampuni yenye programu yake huamua yenyewe ni lugha ipi iingie, lini, na kwa maneno yapi. Waliotafsiri OpenOffice hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Uhuru huo ulikuwa na historia yake. Mwaka 1983, Richard Stallman alitangaza nchini Marekani mradi wa GNU, akishikilia kwamba mtumiaji wa programu anastahili kuisoma, kuibadilisha na kuigawa kwa wengine. Mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, alianzisha kiini cha mfumo uliokuja kuitwa Linux. OpenOffice yenyewe ilizaliwa kibiashara: iliundwa na kampuni ya Star Division ya Ujerumani, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999, na mwaka uliofuata msimbo wake ukawekwa wazi kwa umma.

Istilahi ya Kiswahili iliyozoeleka kwa programu za namna hii ni “programu huria”, na uteuzi wa neno hilo hauko mbali na siasa. Tangu miaka ya 1980, Mtanzania amelisikia neno “huria” katika “soko huria”, yaani biashara iliyoondolewa mkono wa serikali. Kisha akalisikia katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambako maana yake ni mlango uliofunguliwa kwa wasioweza kuhudhuria madarasa ya kawaida. Programu huria ziko karibu zaidi na maana hii ya pili, ingawa ile ya kwanza haijaacha kuzifuata. Huenda ndiyo sababu wengine hupendelea kusema “programu huru”.

Kwa wanaisimu, sehemu yenye mafunzo zaidi ni ile ya uundaji wa istilahi. Kabla ya hapo, msamiati wa kompyuta ulikuwa ukikua bila mpangilio mmoja. Kompyuta iliitwa pia tarakilishi na ngamizi. Kifaa cha mkononi kiliitwa kipanya na puku. Baadaye programu ya kusomea kurasa za intaneti ikaitwa kivinjari, kutokana na kitenzi “vinjari” kilichozoea mambo ya doria na matembezi ya baharini. Katika kamusi, visawe vinaweza kuishi pamoja bila ugomvi. Menyu haina nafasi ya visawe: kitufe kimoja hubeba neno moja, na neno hilo husomwa kila siku na watu ambao hawajawahi kufungua orodha ya istilahi za BAKITA wala kamusi ya TUKI. Mfasiri wa programu, apende asipende, ni msanifishaji wa lugha.

Sarufi nayo ilidai haki yake. Waunda programu wa Kiingereza hupenda kuandika sentensi yenye pengo, ili mashine ijaze jina la kitu kilichofutwa. Kwa Kiingereza pengo hilo halisumbui. Kwa Kiswahili, ukurasa umefutwa, kiungo kimefutwa, nyaraka zimefutwa. Na faili, kwa baadhi ya wasemaji, limefutwa, kwa wengine imefutwa. Sentensi moja yenye pengo haiwezi kuitosheleza mifumo yote hiyo ya upatanisho wa ngeli. Mfasiri hubaki na njia mbili: kuikwepa sentensi kwa maneno makavu, au kumtaka mtengenezaji aivunje iwe sentensi kadhaa. Njia ya pili huwa na tumaini zaidi pale msimbo ulipo wazi, kwa kuwa atakayekataliwa anaweza kuuvunja mwenyewe.

Hata hivyo, leseni huria haimlipi mfasiri. Kila toleo jipya la programu huleta mamia ya sentensi ambazo hazijatafsiriwa, ilhali miradi ya vyuo vikuu huwa na tarehe ya mwisho. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, LibreOffice ikazaliwa, na kazi ya mwaka 2004 ikahitaji watu wa kuiendeleza mwaka hadi mwaka. Watu hao walikuwa wachache mno kwa lugha yenye wasemaji wengi kiasi hiki.

Faida iliyodumu kimyakimya zaidi ilipatikana kwingine. Mwaka 2006, Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kuandika NVDA, programu huria inayowasomea wasioona maandishi ya kwenye skrini, kwa sababu programu za kibiashara za aina hiyo ziliuzwa kwa bei iliyowashinda wengi. NVDA ilikuja na sauti ya eSpeak, kiunda-sauti huria cha Jonathan Duddington, ambacho Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Hapa lugha ilijisaidia yenyewe: hati yake husomwa kama ilivyoandikwa, na mkazo, isipokuwa kwa maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni chache hutosha kuifanya mashine isome. Sauti hiyo ni kavu, haina lahani ya Unguja wala ya Mombasa, lakini huweza kumsomea mwanafunzi asiyeona waraka wa Kiswahili bila kumtoza senti, mradi anayo kompyuta na umeme.