Mchezo wa masanduku: namna euro 6.000 zinaweza kuonekana kama hapana kitu

Katika mchezo wa televisheni unaojulikana kama Deal or No Deal, hakuna maswali ya kujibu wala nguvu ya kuonyesha. Ulianza Uholanzi mwaka wa 2002, kisha ukaenea katika nchi nyingi. Kule Uholanzi masanduku 26 yalikuwa yamefungwa, kila moja na kiasi chake cha makuta. Kiasi kidogo kabisa kilikuwa euro 0,01, kikubwa euro milioni 5. Mshindani anachagua sanduku lake bila kulifungua, kisha anafungua mengine moja moja. Mzunguko ukiisha, mwenye benki anamtolea bei: chukua hii uende nyumbani, ao endelea.

Kati ya yale 26, masanduku 10 yalikuwa na euro 500 ao chini yake. Mutu anaweza kuzani zawadi hizo ndogo ni za kuchekesha watu tu. Hapana, ndizo zinazoendesha mchezo. Sanduku la euro 5 likifunguliwa mapema watu wanapiga makofi, juu makubwa yangali ndani na bei ya benki inapanda. Yakibaki madogo tupu, bei inaanguka.

Wachumi wanne, Thierry Post, Martijn van den Assem, Guido Baltussen na Richard Thaler, walichunguza washindani 151 wa Uholanzi, Ujerumani na Marekani. Kazi yao ilitoka mwaka wa 2008. Waliona kwamba uamuzi wa mshindani hautegemei tu makuta yaliyo mbele yake. Unategemea pia yale aliyotumaini dakika chache mbele ya pale.

Mshindani mmoja Mholanzi alibaki na masanduku matano: euro 0,50, 10, 20, 10.000 na 500.000. Wastani wake ulikuwa zaidi ya euro 102.000. Akafungua lile la 500.000. Papo hapo wastani ukashuka hadi karibu 2.508, na benki ikamtolea 2.400. Bei hiyo ilikuwa karibu sawa na wastani, lakini akakataa. Mwishoni yakabaki mawili, la 10 na la 10.000, benki ikatoa 6.000. Hesabu ya mtoto wa shule inaonyesha kwamba wastani wa hayo mawili ni 5.005, ni kusema benki ilikuwa inamupa zaidi. Akakataa tena. Alirudi nyumbani na euro 10.

Kwa mutu ambaye bado anaangalia ile 500.000, 6.000 si faida, ni alama ya hasara. Anataka kurudisha kilichopotea. Aliyebahatika naye anaweza kuwa hivyohivyo: kule Ujerumani mwanamke mmoja, aliyebaki na 100.000 na 150.000, alikataa 125.000 na kupata 150.000. Yeye alikuwa anachezea faida, si mfuko wake.

Wachunguzi walirudia mchezo na wanafunzi wa chuo kikuu kule Rotterdam. Kundi moja lilicheza kwa zawadi zilizogawanywa kwa 10.000, lingine kwa 1.000. Kwa kundi la kwanza, zawadi kubwa kabisa ilikuwa euro 500, ile ambayo kwenye televisheni watu wanaifurahia ikitoka. Hata hivyo makundi hayo mawili yalicheza karibu namna moja. Ni kusema euro 500 haina ukubwa wake yenyewe. Inapimwa na zile zilizo pembeni yake.

Kazi hii ilifanywa mbali na hapa kwetu, lakini anayecheza pari ya mpira ataitambua. Mutu aliyepoteza franka 20.000 tangu asubuhi, tiketi ya franka 3.000 haimuogopeshi tena, hata kama ni bei ya mboga ya siku. Asubuhi, mbele ya kupoteza, angefikiri mara mbili.

Tofauti moja tu, na si ndogo: mshindani wa televisheni hakuweka makuta yake mezani. Yule Mholanzi, pamoja na mabaya yote yaliyomupata, alitoka na euro 10 zaidi ya zile alizokuja nazo. Anayecheza pari analipa kwanza, na tiketi ikianguka hakuna mwenye benki wa kumutolea bei.