Meza ya kurandia ya mbao za paini: jinsi ya kuunda isiyoyumba kwa hali ya hewa ya Dodoma

Wadau, mada ya leo ni ya vijana wa useremala, hasa wale waliotoka VETA na cheti, randa moja, msumeno mmoja, halafu wakaanza kazi chini ya mti. Ukizunguka Chang'ombe, Majengo au Nkuhungu utawakuta wanaranda fremu ya mlango juu ya pipa, au juu ya stuli mbili huku mshkaji mwingine kaukalia ubao ili usikimbie. Kazi inatoka imepinda, mteja anakata hela, na mgongo unauma kama umetoka kulima. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku moja kwa moja, na mji ukawa jiji mwaka 2018, tenda za milango, vitanda na makabati si haba. Wanaozikosa ni wengi, na wengi wao hawana hata meza ya kufanyia kazi.

Wengine wanaiita benchi, wengine meza ya fundi. Mimi nitasema meza.

Kwanza tuondoe kasumba moja: kwamba meza ya fundi lazima iwe ya mninga au mkongo. Mninga muuzie mteja. Meza ya fundi inataka unene, uzito na viungo visivyocheza, na hivyo paini inakupa. Si wazo langu. Mskoti Peter Nicholson alichora meza ya namna hii kwenye kitabu chake cha ufundi kilichotoka London mwaka 1812: juu mbao zilizonyooka, na pembeni mbao pana zimefungwa kwenye miguu kama mbavu. Hizo mbavu ndizo siri yake. Ukisukuma randa unaisukuma meza kwa mlalo, sio kwenda chini, kwa hiyo meza yenye miguu minne tu na misumari inaanza kucheza kama ngoma ya Kigogo. Ubao mpana ulioshika mguu kwa inchi nane unakataa mchezo huo.

Sasa tatizo la kwetu, na hapa naomba msome taratibu. Paini nyingi tunayouziwa inatoka Nyanda za Juu Kusini, kule Mufindi kwenye shamba la Sao Hill, ambalo ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, na kwa wakulima wa Njombe. Kule ni baridi na ukungu. Ubao unachanwa mbichi, unapakiwa kwenye fuso, unashuka kupitia Mtera, unafika Dodoma ambako kuanzia Mei hadi Novemba mvua hakuna na upepo unavuma kutwa. Ubao unatoa maji kwa kasi, na unasinyaa kwa upana (kwa urefu karibu hausinyai kabisa). Ubao mbichi wa inchi 6 unaweza kupungua milimita 5 au zaidi mpaka ukauke. Ukiunda meza siku ile ile uliyonunua, ikifika Septemba misumari inatoka yenyewe na juu kuna mianya ya kupitisha kidole. Fundi analaumu paini, wakati kosa ni haraka.

Kwa hiyo zikaushe kwanza. Zipange kivulini, sio juani, juu ya matofali, na kati ya tabaka na tabaka weka vipande vya inchi moja kila baada ya futi mbili ili hewa ipite. Juu weka mawe mazito. Miisho ipake rangi yoyote iliyobaki, maana ubao unatoa maji haraka zaidi mwishoni na ndiko unakopasukia. Kujua zimekauka, chagua ubao mmoja, uning'inize kwenye mizani kila wiki na uandike kilo. Uzito ukiacha kushuka, tayari. Kwa kiangazi chetu tegemea miezi miwili mitatu, lakini iamini mizani kuliko kalenda.

Mbao za kununua ni sita tu, zote futi 12: mbili za 2 kwa 6, moja ya 2 kwa 8, tatu za 2 kwa 4. Nakili hiyo kabla muda wako wa kafe haujakata. Pale kwa muuza mbao chungulia mwisho wa ubao: ukiona kile kiini cha katikati ya mti, uache, utapasuka. Fumba jicho moja uangalie kama umenyooka. Vifundo vidogo havina neno. Ongeza boliti nane za nusu inchi, urefu inchi 8, na washa kubwa kila upande, skurubu na gundi nyeupe.

Zikishakauka, 2 kwa 6 zikate katikati upate vipande vinne vya futi 6. Hivyo ndivyo juu ya meza. Viranda kingo, vipange pamoja, pima upana wote. Toa unene wa mbavu mbili: hicho ndicho kipimo cha reli fupi zinazounganisha mguu wa mbele na wa nyuma (itakuja kama inchi 19). Usikate reli kabla ya kupima, mbao za kwetu hazifuati namba zilizoandikwa.

Kila mguu ni 2 kwa 4 mbili zilizobandikwa kwa gundi na skurubu. Ya nje ni nzima, inchi 30. Ya ndani iko vipande viwili: anza chini na kipande cha inchi 4, acha nafasi ya inchi 4, weka kipande cha inchi 18, na juu acha tena inchi 4. Reli fupi zinakaa kwenye hizo nafasi. Umepata tundu bila kushika patasi, na mzigo unakaa juu ya mbao badala ya kuning'inia kwenye msumari. Mbao mbili za 2 kwa 4 zinatosha miguu yote na reli zote nne. Inchi 30 ukiongeza unene wa juu ni 32. Simama wima mikono ikining'inia: juu ya meza pafikie karibu na vifundo vya ngumi yako. Kama wewe ni mrefu, ongeza kile kipande cha inchi 18 na ule mzima wa nje kwa kiasi kile kile.

Mbavu ni ile 2 kwa 8 iliyokatwa katikati. Kila mguu boliti mbili: ya juu ipite kwenye ubao wa nje, ya chini kwenye ule wa ndani, chini ya reli. Hapa usitumie gundi. Mbao zitaendelea kucheza na majira, kwa hiyo shika spana ukaze kila mwezi mwaka wa kwanza. Faida nyingine ni kwamba wengi wetu tumepanga. Mwenye fremu akipandisha kodi, unafungua nati nane, unapakia kwenye guta, unahama na meza yako.

Ubao wa tatu wa 2 kwa 4 utoe reli moja ya katikati, na viwili virefu vya kulaza juu ya reli za chini. Hapo pakia viroba viwili vya mchanga, paini ni nyepesi na uzito wa bure upo mtaani. Mbao za juu zifunge kwa skurubu kwenye reli, vichwa vizame nusu inchi ili randa isigonge chuma. Usizigundishe zenyewe kwa zenyewe; masika zitavimba kidogo, zipe nafasi.

Jiriwa ya chuma ni ghali, isikucheleweshe. Toboa tundu la mraba karibu na mwisho wa kushoto, upitishe kipande cha mninga kinachobana: unakigonga kutoka chini kinachomoza, ubao unaegemea hapo ukiranda. Kwenye ubavu wa mbele toboa matundu ya kuweka vigingi, milango ikae kwa ubavu.

La mwisho ni mchwa, na wa Dodoma mnawajua. Kila mguu ukae juu ya jiwe au nusu tofali, inchi sita za chini paka oili chafu mara mbili. Juu ya meza usiipake, itachafua kazi ya mteja. Na kila Jumamosi ukifagia maranda, chungulia kama kuna njia ya udongo inapanda kwenye jiwe.