Baruti Nyumbani na Haki ya Jirani

Je, mtu ana uhuru wa kufanya kazi yoyote ndani ya nyumba yake? Suala hili linawahusu hata wale ambao leo, hasa nchini Marekani, hutenga chumba nyumbani cha kujazia upya maganda ya risasi kwa baruti. Kabla ya kutaja hukumu, tuitazame historia.

Elimu ya baruti si ngeni kwa Waislamu. Hasan al-Rammah wa Sham, aliyefariki karibu na mwaka 1295, aliandika namna ya kuisafisha shura, ambayo ni asili ya baruti. Ubaya haukuwa katika elimu, bali katika mahali baruti ilipowekwa. Mwaka 1687, jeshi la Venice lilipouzingira mji wa Athens, Waturuki walihifadhi baruti ndani ya Parthenon, ambayo wakati huo ilikuwa msikiti, na watu wakajihifadhi humo humo. Tarehe 26 Septemba kombora likaiwasha, na watu wengi wakafa. Huko Rhodes mwaka 1856 hakukuwa na vita. Radi iliwasha baruti iliyokuwa chini ya kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, na mamia ya watu wakaangamia pamoja na nyumba zao. Sisi nasi tunaikumbuka Mbagala ya 2009 na Gongo la Mboto ya 2011.

Miaka michache baada ya msiba wa Rhodes, wanazuoni wa Kihanafi chini ya Ahmed Cevdet Pasha walianza kuandika Majalla, kazi iliyodumu kuanzia 1869 hadi 1876. Kifungu cha 1192 kinampa mwenye mali uhuru juu ya mali yake, ila pale inapoingia haki ya mwingine. Kifungu cha 1200 kinataka dhara kubwa liondolewe kwa njia yoyote, na kinatoa mfano wa karakana ya mhunzi au kinu kinachotikisa nyumba ya jirani.

Basi ikiwa nyundo ya mhunzi huzuiwa kwa ajili ya ukuta, sembuse baruti kwa ajili ya roho za watu? Hatusemi kwamba kazi hii ni haramu kwa asili yake. Tunasema kwamba anayeifanya lazima awe na ruhusa ya sheria ya nchi, aweke baruti kidogo, mbali na moto na watoto. Ama anayeishi katika nyumba ya kuta za ushirika, na aiache, kwani jirani hakuridhia hatari hiyo.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.