Nyota ya Force Publique na wale waliobeba mizigo



Kila anayepita Bukavu anajua Kambi Saio. Wengi wetu tumesahau kwamba Saio ni mji wa Ethiopia, na kwamba jina hilo linakumbusha vita ambavyo wazee wetu walipigana kule, katika Force Publique, jeshi la wakoloni.

Jeshi hilo lilianza mwaka 1885, wakati wa Leopold II. Bendera ya dola ilikuwa ya buluu, na nyota moja ya dhahabu katikati. Askari walivaa tarbushi nyekundu. Wenye bendera walisema nyota ile ni mwanga unaoingia gizani. Lakini chini yake batu walipigwa kiboko na vijiji vikachomwa juu ya mpira.

Mwaka 1916 askari walitoka Kivu, wakapita Rwanda na Burundi, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Mwaka 1941 walifika mbali zaidi: tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha kwao pale Saio. Kabla ya hapo mvua ilikata njia ya chakula, na wengi waliugua beriberi na kuhara.

Tabora na Saio zikapewa barabara na kambi. Wapagazi hawakupewa kitu. Na katika vita vya 1914-1918 walikuwa zaidi ya 200,000, wakibeba risasi na unga kichwani. Wengi walifia njiani.

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu kisha uhuru, askari waliasi: maofisa wote walikuwa bado Wabelgiji. Jeshi likageuzwa kuwa Armée Nationale Congolaise, na Force Publique ikaisha. Nyota haikutupwa. Iko kwenye bendera yetu ya leo, pembeni ya mstari mwekundu wa damu ya mashahidi. Alama ni ile ile. Aliyeibeba ndiye anayeipa maana.

Sisi tuliorudi na mizigo kichwani tunaelewa jambo hilo vizuri. Kwa hiyo tunaomba: kama kuna muzee wa jamaa yako aliyebeba bunduki ao mzigo, mpe katibu wa tawi lako jina lake, kijiji chake na njia aliyopita. Tuandike sasa, kwani wanaokumbuka wanapungua kila mwaka.