Rangi za Mjusi Chui na Gharama Yake

Mwaka 1854 Edward Blyth, Mwingereza aliyetunza makumbusho ya Asiatic Society mjini Calcutta, alichapisha maelezo ya mjusi wa manjano mwenye madoa meusi. Alitoka Salt Range, vilima vikavu vya Punjab ambavyo leo vimo Pakistan. Ndiye huyu wafugaji wamwitaye mjusi chui. Aliyezoea mjusi kafiri wa ukutani atamwona mgeni kidogo. Huyu hapandi ukuta, maana vidole vyake vina kucha bila zile nyayo za kunata. Ana kope, tena hufumba macho anapolala. Mkia wake mnene ni ghala la mafuta ya siku za njaa. Kinda huanguliwa na mikanda mipana, myeusi na ya manjano, na anavyokua mikanda hiyo hukatikakatika mpaka ikawa madoa.

Leo, katika maonyesho ya wanyama wa kufugwa Marekani na Ulaya, unaweza kuzunguka meza nzima usimwone hata mmoja anayefanana na yule wa Blyth. Kuna weupe wasio na doa, kuna wa rangi ya chungwa kutoka kichwani hadi mkiani, kuna wenye macho meusi tititi. Mabadiliko hayo hayakuletwa na jangwa wala maelfu ya miaka. Yameletwa na wafugaji, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika tangu miaka ya 1990.

Mwanzoni njia ilikuwa ile ya wafugaji wote duniani: chagua aliye bora, mpandishe na aliye bora mwenzake. Rangi ya chungwa ilipatikana hivyo. Jeni nyingi huchangia, kila moja kidogo, na kila kizazi huongeza ukolezo. Ni kazi ya uvumilivu, wala haina siri.

Siri ilikuja na jeni mojamoja. Mwaka 1991 alijitokeza mjusi asiye na madoa katika ufugaji wa Pat Murphy, na hadi leo aina hiyo inaitwa Murphy Patternless. Mwaka 1996 albino wa kwanza alijitokeza kwa mfugaji Ron Tremper. Jeni za aina hizi ni fiche: kinda haonyeshi rangi mpaka arithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Ukimpandisha albino na mjusi wa kawaida mwenye jeni safi, makinda wote huwa wa kawaida, ingawa kila mmoja amebeba nakala moja kimyakimya. Rangi hurudi pale wabebaji wawili wanapokutana, na hapo kwa wastani kinda mmoja kati ya wanne huwa albino.

Lakini wabebaji hao hutoka wapi, iwapo mjusi wa kwanza alikuwa mmoja tu? Hutoka nyumba moja. Mfugaji humpandisha kaka na dada, au humrudisha binti kwa baba yake. Ndoa za ndugu ndizo zilizoweka msingi wa biashara hii, jambo ambalo picha za kuuzia hazilisemi. Sokoni nako kulizuka bidhaa ya ajabu: mjusi wa sura ya kawaida kabisa, anayeuzwa ghali kwa sababu ya jeni asiyoionyesha. Mnunuzi wake hununua neno la mfugaji.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilijitokeza nasaba nyingine mbili za albino, ya Tim Rainwater na ya Mark na Kim Bell. Mtu angetarajia kwamba albino kwa albino huzaa albino. Alipopandishwa wa Tremper na wa Bell, makinda walitoka na rangi ya kawaida! Jawabu ni sawa na chumba kilichoingia giza. Huyu kwake balbu imeungua, yule kwake waya umekatika. Giza ni lilelile, hitilafu ni mbili. Kinda hupata kizima cha kila upande, na taa inawaka. Wafugaji walilithibitisha hilo kwa mayai, kabla maabara hazijaisoma jenomu ya mjusi huyu. Tatizo ni kwamba makinda hao hubeba jeni zote mbili, na wakiuzwa bila maelezo nasaba huvurugika, kwa kuwa albino wa aina hizi tatu ni vigumu kuwatofautisha kwa macho.

Aina iitwayo Mack Snow, ya wafugaji John na Amy Mack, ilifuata kanuni tofauti. Nakala moja ya jeni humfanya kinda kuwa mweusi na mweupe pasipo manjano. Nakala mbili huzaa Super Snow, mweupe mwenye vidoadoa na macho meusi yote.

Joto nalo lina sauti yake. Mjusi chui hana kromosomu za jinsia. Mayai yakikaa kwenye nyuzi joto 26 karibu wote huwa majike, kwenye 32.5 madume huzidi, na juu ya 34 majike hurudi kuwa wengi. Hata rangi huguswa: albino wa Tremper aliyetotoleshwa kwenye ubaridi huweza kutoka na kahawia iliyokolea. Kwa hiyo anayesifu damu ya mjusi wake huenda anasifu mashine ya kutotoleshea.

Mwaka 2006 akina Bell walileta Enigma, mwenye madoa yaliyotawanyika ovyo, na nakala moja ya jeni ilitosha kuionyesha rangi hiyo. Soko lilimpokea kwa shangwe. Kisha wenye nao wakaanza kuona mambo: mjusi anazunguka mahali pamoja, anainamisha kichwa upande, anamrukia nyenje na kumkosa, anarudia na kumkosa tena. Kasoro hiyo ya mishipa ya fahamu ilifuatana na rangi, na bado waliendelea kuzalishwa. Hapo ni vigumu kuwatetea wafugaji.

Kisa cha aina iitwayo Lemon Frost kilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 mfugaji Steve Sykes wa California alinunua kwenye mnada mijusi wawili waliong'aa manjano na weupe, na dume akampa jina la Mr. Frosty. Haukupita muda mrefu vivimbe vyeupe vikaanza kuota kwenye ngozi za ukoo huo. Sykes aliungana na watafiti Longhua Guo na Leonid Kruglyak wa chuo kikuu cha UCLA, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la PLOS Genetics. Vidole vilielekea kwenye jeni iitwayo SPINT1, ambayo kwa binadamu pia imehusishwa na saratani ya ngozi. Zaidi ya asilimia 80 ya mijusi wa Lemon Frost walipata uvimbe.

Uvimbe huo huota kutoka kwenye seli zilezile zinazoakisi mwanga na kumpa mjusi weupe wake. Anayetaka kununua mjusi chui na aulize kwanza habari za wazazi wake, na akitajiwa Lemon Frost au Enigma, amwache.