Kutafuta chanzo cha kifo: njia ya masomo kwa kijana wa Nchelenge

Mwili unapookotwa katika Ziwa Mweru, kwenye mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu waliokusanyika ufukweni huuliza maswali matatu: marehemu ni nani, amekufaje, na je, kuna mtu aliyesababisha kifo chake? Majibu hutafutwa kwa sayansi jinai. Nchini Zambia, madaktari bingwa wa fani hiyo wanahesabika kwa vidole.

Kwa nini suala hili ni zito Nchelenge?

Wilaya ya Nchelenge iko mkoani Luapula, mwambao wa mashariki wa ziwa, takriban kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Lusaka. Wavuvi na wachuuzi huvuka maji kwenda Kilwa na Pweto, upande wa Kongo. Tangu mwaka 2018, makazi ya Mantapala yamewahifadhi Wakongo waliokimbia machafuko ya Haut-Katanga na Tanganyika, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Kwa hiyo, jamaa wa marehemu aliyeokotwa ziwani huenda wakawa ng'ambo ya mpaka, bila habari.

Pasipo jibu, uvumi hushika nafasi yake, na mara nyingi mzee asiye na mtetezi hunyooshewa kidole. Sheria ya Zambia inakataza kumwita mtu mchawi, lakini tuhuma huzimika kwa urahisi zaidi pale chanzo cha kifo kinapojulikana.

Nani hufanya nini?

Polisi hulinda eneo, hupiga picha na kuandika maelezo ya mashahidi. Daktari hupasua maiti na kuichunguza. Palipo mbali na mabingwa, kazi hiyo humwangukia daktari wa kawaida wa hospitali. Bingwa wake huitwa mwanapatholojia. Wataalamu wa maabara hupima sumu, damu na vinasaba. Hakimu ndiye husikiliza ushahidi na kutamka jinsi mtu alivyokufa.

Kifo cha majini ni mtihani mgumu. Povu puani na maji mapafuni ni dalili tu, kwani hata maiti iliyotupwa ziwani yaweza kuingiwa na maji. Daktari hana budi kuondoa sababu nyingine kwanza: pigo la kichwa, kifafa, ugonjwa wa moyo, pombe au sumu. Hutazama pia kama damu ilivia kandokando ya jeraha, ishara kwamba mtu aliumia angali hai, au kama samaki walimng'ata baada ya kufa.

Utambulisho hutegemea alama za vidole, meno na vinasaba vinavyolinganishwa na vya mzazi, mtoto au ndugu. Huko Shakahola, Kenya, ambako miili zaidi ya 400 imefukuliwa tangu mwaka 2023, vinasaba vya jamaa vilihitajika ili familia zipewe wapendwa wao wakazike.

Masomo yanaanzia wapi?

Huanzia sekondari, kwa baiolojia, kemia, fizikia, hisabati na Kiingereza. Anayetaka kuwa mwanapatholojia husomea kwanza udaktari, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, au Chuo Kikuu cha Copperbelt, ambacho shule yake ya tiba iko Ndola. Masomo hayo huchukua miaka sita hadi saba. Baada ya mafunzo ya vitendo hospitalini, husomea ubingwa kwa miaka kadhaa zaidi. Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi za kanda zinazofundisha tawi la vifo vya mashaka.

Njia nyingine ni fupi zaidi. Shahada ya kemia au baiolojia humfikisha mtu maabara, na mafunzo ya upelelezi humpeleka polisi. Kijana aliyesoma Kongo atahitaji vyeti vyake vithibitishwe na mamlaka ya sifa za elimu ya Zambia, ZAQA. Ni vyema pia aanze mapema kujifunza Kiingereza cha sayansi.

Faida kwa walio hai

Kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima miili iliyofikishwa chumba cha maiti cha Hospitali Kuu ya Mafunzo ya Chuo Kikuu, Lusaka. Kati ya marehemu 364 waliopatiwa majibu, 70 walikuwa na virusi vya corona. Sita tu kati yao walikuwa wamepimwa wangali hai. Wakati huo ilidhaniwa kwamba ugonjwa huo haukuwa ukiua wengi barani Afrika. Maiti hizo zilionyesha kwamba vifo vilikuwepo, ila havikuhesabiwa.

Hata hivyo, mwanapatholojia aliye Lusaka hutegemea yaliyofanywa ufukweni. Anayeokota mwili awaarifu polisi kabla ya kuuosha, asitupe nguo wala kilichomo mifukoni, na akumbuke mahali na saa alipouona. Pengine hayo ndiyo yatakayomrudishia marehemu jina lake.