Ndago na Jembe, Kaskazini ya Mto Sabaki

Afikaye Marereni leo huvutwa macho kwanza na mabwawa ya chumvi yang'aayo juani, hata akadhani nchi hii haikupata kuwa na shughuli nyingine. Lakini akigeukia upande wa bara, akaingia kondeni mvua za masika zikiisha kutulia, ataikuta tarehe iliyo kongwe kuliko chumvi hiyo, nayo yaitwa ndago.

Ing'oe taratibu. Vidole vitahisi shina la pembe tatu, na chini yake uzi mwembamba, mgumu, wenye vifundo vyeusi vilivyofuatana kama tasbihi. Kiponde kimoja, kitanukia. Kwa ajili ya vifundo hivyo matabibu wa Kiarabu waliihesabu miongoni mwa dawa zao, wakaiita su'd. Jamaa zake, mafunjo ya Misri na totora ya Ziwa Titicaca katika milima ya Andes, wamewapa wanadamu karatasi na mashua. Hii imetupa sisi palizi.

Na palizi haikuwa ya hiari siku zote. Malindi, iliyokuwa magofu, ilipoamshwa mwaka 1861 katika enzi ya Sayyid Majid wa Unguja, mashamba ya mtama na ufuta yalienea upesi, na nafaka ikapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Wenye mashamba wametajwa sana; waliokesha na jembe walikuwa watumwa, hata sheria ilipoufuta utumwa mwaka 1907, na majina yao hatunayo. Hilo lanihuzunisha, kwani mtama ule ulikuwa jasho lao.

Wagiriama nao walikuwa wamekwisha vuka Sabaki wakitafuta ardhi yenye rutuba, na mwaka 1914 serikali ya Kiingereza, iliyokwisha ilipua kwa baruti Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ikawaamuru wauhame ukingo wa kaskazini, ikawachomea nyumba. Baada ya miaka michache walirejea.

Ndago haipendi kivuli: konde likiachwa, vichaka huifunika, ikadhoofu, na vifundo vyake vikalala udongoni. Ni jembe liiamshalo, kwa kuukata ule uzi na kukifanya kila kifundo kuwa shina la peke yake. Basi mkulima afyekaye kichaka akaiona yachomoza baada ya mvua ya kwanza, ajue kwamba pana mtu aliyelima hapo kabla yake.